Shahidi wa Nusu Chumba

Shahidi aliyempata Inspekta safari hii alikuwa na kasoro moja tu: alimwona muuaji, lakini hakumwona aliyeuawa.

Inspekta aliyarudia maelezo ya shahidi huyo garini huku Koplo akitafuta mahali pa kuegesha mbele ya karakana ya viatu. Kituoni Inspekta huyu walimwita Bi Kwanini. Jina hilo alipewa na mkuu wa kituo, na hakulitoa kwa mapenzi. Asubuhi ile Mkuu alikuwa ameshasema lake: mke amekutwa na nyundo iliyomuua mumewe, alama za vidole vyake zimejaa kwenye mpini, baba mkwe ameona kwa macho yake. Jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo jioni, mwanamke asomewe shitaka la mauaji, na mtu asimletee kwanini nyingine.

"Sikiliza," Inspekta alimwambia Koplo, akasoma kwa sauti. "'Nilimsikia mwanangu mkubwa akifoka. Alisema, umeipeleka wapi? Kisha kishindo. Nikageuka, nikamwona mkamwana wangu amesimama na nyundo. Hapakuwa na mtu mwingine.' Haya niambie, huyo mwanawe alikuwa wapi?"

"Ameshaanguka, Afande. Yuko chini."

"Chini wapi?"

Koplo aliikumbuka ile michoro ya chaki. "Karibu na mguu wa mzee. Angenyoosha mguu angemgusa."

"Sakafu tupu, mchana kweupe. Mtu anamwona mkamwana aliyesimama kule, hamwoni mwanawe wa kumzaa aliyelala hapa. Kwa nini?"

"Mkuu amekataza neno hilo, Afande."

"Amekataza nisimpelekee yeye. Wewe hajakukataza. Shuka."

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Soli, alikaa kwenye kigoda chake cha kazi, mgongo ukiegemea ukuta wa nyuma, uso ukitazama barabarani. Kuliani kwake kulikuwa na rafu ya viatu vilivyokwisha kutengenezwa, kalenda ya zamani na mlango wa kwenda jikoni. Kushotoni kwake hapakuwa na kitu, ila ukuta mtupu, stuli moja na alama ya chaki ambayo hakuna aliyepata moyo wa kuifuta. Mlango wa barabarani ulikuwa mbele, umeelemea upande huohuo mtupu.

"Karibuni, karibuni sana," alisema kijana aliyewapokea. Huyo ndiye mtoto wa mwisho wa mzee, na kila mtu alimwita Kitinda hata kabla hajaota ndevu. Alikuwa nadhifu, mpole, mwepesi wa kuvuta viti. Aliwaweka wageni upande wa kulia wa baba yake, akamfunika mzee magoti kwa kitambaa, kisha akazunguka na kuketi kwenye ile stuli ya kushoto.

"Kiatu kina shida gani, mwanangu?" Mzee Soli alimwuliza Inspekta.

"Kiatu kizima, mzee wangu. Shida ni maswali."

"Maswali hayashonwi hapa. Lakini huyu bwana mdogo," alisema akimtazama Koplo miguuni, "kisigino chake kimelika upande mmoja. Anatembea kama mtu anayemkwepa mama mkwe."

Koplo alivuta miguu yake chini ya kiti. Inspekta alicheka, na alipokuwa akicheka aliandika kichwani mwake kwamba mzee huyu hajapotewa na akili. Alijua siku, alijua mwezi, alijua bei ya gundi ilivyopanda. Alipoulizwa kuhusu tukio alirudia maneno yaleyale ya kwenye maelezo, bila kuongeza wala kupunguza.

"Ulipomsikia mwanao akisema umeipeleka wapi, kuna aliyemjibu?"

"Alijibiwa. Kwa sauti ya chini, ya kunong'ona. Sikuyashika maneno."

"Sauti ya mwanamke?"

"Mnong'ono hauna ndevu, mwanangu. Niligeuka nikamwona mkamwana. Ningesema nani?"

Inspekta aliutazama mkono wa kushoto wa mzee, uliolala pajani umejikunja. "Na mkono wako, unauma?"

"Upi?"

"Huo hapo."

Mzee Soli aliinua kitambaa kwa mkono wa kulia, akauangalia kwa pembe ya jicho, akauacha. "Huu si wangu. Huu wa kaka yangu. Aliusahau hapa nilipougua. Nimewaambia wampelekee mwenyewe, lakini katika nyumba hii nani ananisikiliza?"

Koplo alikohoa. Kitinda akatikisa kichwa kwa huzuni. "Tangu kiharusi, mama. Anateleza hapo tu. Mengine yote yuko sawa, hata nyinyi mmeona. Na macho yake mazima kabisa."

Mzee aliisikia sauti ya mwanawe, akageuza shingo haraka. Akaigeuzia rafu ya viatu. "Wewe, wakubwa wakizungumza nyamaza," aliikaripia rafu. Akangoja kidogo. "Ameshaondoka? Kijana huyu hana adabu. Anaingia bila hodi, anatoka bila kuaga."

Kitinda alikuwa amekaa pale pale, goti lake karibu liguse la baba yake. Aliwakonyeza wageni kama kusema, mnaona wenyewe ninavyoishi. Koplo alicheka. Inspekta naye alicheka kidogo, kwa adabu.

"Na wewe siku ile ulikuwa wapi?" alimwuliza.

"Uwanjani, mama. Kulikuwa na mechi. Nilirudi nikakuta nyumba imejaa watu."

Walipoinuka kuaga, Inspekta alisimama mbele ya rafu. Jozi baada ya jozi, kiatu cha kulia kilikuwa kimepigwa rangi na kusuguliwa hata ungeweza kujitazama meno. Cha kushoto kilikuwa na vumbi lake lote la njiani.

"Wateja hawalalamiki?"

"Wateja wenyewe wamebaki wangapi?" alisema Kitinda. "Nani avae kiatu kimoja? Biashara imekufa, mama. Tunangoja tu kuizika."

Nje, Koplo alikuwa na jibu tayari. "Kikulacho ki nguoni mwako, Afande. Mzee ndiye aliyemuua. Anajifanya kichaa."

"Hasimami bila kushikwa. Angempigaje kisogoni mtu mzima mrefu kuliko mlango?"

"Basi anasema uongo."

"Hilo nakubaliana nawe," alisema Inspekta kwa uhakika. "Kuna mtu anamlinda. Nataka kujua ni nani, kabla ya jioni."

Hapo, kwa uhakika wake wote, alikuwa amekosea.

Mkamwana wa Mzee Soli alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, viganja katikati ya magoti. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti imenyooka. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na siku ile ndiyo alikuwa amerudi baada ya miezi barabarani.

"Alipitia mlango wa uani, tukasalimiana. Akaniambia nimpashie maji ya kuoga, anakwenda kumwamkia baba. Nikasikia wakiongea kwa sauti. Nikasema aa, dereva amezoea kupiga kelele za lori. Kisha kishindo. Nikadhani rafu imeanguka. Nikaingia mbio."

"Ukaona nini?"

"Nikamwona mume wangu chini, upande ule wa ukuta, na mlango wa barabarani uko wazi. Nyundo ya baba iko juu ya shingo yake. Nikaiondoa. Dada, mtu yeyote angeiondoa. Nikazunguka kwa baba, nikamwuliza, baba, nani kafanya hivi? Akanitazama usoni akaniambia, hapa hapana mtu ila wewe."

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Baba hanichukii," mwanamke aliendelea. "Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa ananichukia ningejua la kufikiri."

"Mumeo alikuuliza umeipeleka wapi. Kitu gani?"

"Hakuniuliza kitu. Kwangu mimi alitaka maji tu." Akainua uso ghafla. "Baba anakula? Mwambieni shemeji Kitinda asisahau kumgeuzia sahani. Asipogeuziwa analala na njaa."

"Kumgeuzia vipi?"

"Anakula nusu ya sahani anaishia hapo, anasema kimekwisha. Mwanzoni tulidhani anadeka. Ukiizungusha sahani, ile nusu iliyobaki inakuja upande wake, anaimaliza, na anakushukuru kwa kumwongeza. Shemeji ndiye aliyeligundua. Alinionyesha akicheka."

Inspekta alikuwa ameshasimama. "Anaacha nusu ya upande gani?"

"Kushoto. Kila siku kushoto."

Viatu vya kushoto vyenye vumbi. Goti la kushoto ambalo mzee hakuliona. Inspekta alijiona kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima na kumbe ameushika. Alimwita Koplo kwa sauti iliyowashtua mahabusu wote.

Hospitali ya mkoa ilikuwa na idara ya magonjwa ya akili kwenye ghorofa ya chini, na idara ya ubongo na mishipa ya fahamu kwenye ghorofa ya juu. Daktari waliyemtaka hakukaa huku wala kule. Chumba chake kilikuwa katikati, kwenye ukumbi wa ngazi, na meza yake ilikuwa imejaa picha za ubongo na vikombe vya chai visivyooshwa. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kufundishia.

"Wa chini wananiletea mgonjwa wakisema huyu si kichaa, ana ubongo mbovu. Wa juu wananiletea wakisema ubongo mzima, huyu ni kichaa. Nami nawapokea wote. Nyinyi mmeniletea nini?"

Inspekta alimweleza yote: mkono wa kaka, viatu, sahani, rafu iliyokaripiwa. "Nataka kujua jambo moja, daktari. Mzee huyu ni mwendawazimu au ni mwongo?"

"Kwa nini unanipa njia mbili tu?"

Koplo alitabasamu. Siku zote alikuwa akisubiri mtu amwulize Bi Kwanini kwa nini.

Daktari alichukua machungwa mawili, akayaweka mezani moja kulia na moja kushoto. "Ubongo una nusu mbili. Nusu ya kulia ndiyo inayotuambia kuna upande wa kushoto duniani. Kiharusi kikiipiga sehemu fulani ya nusu hiyo, mtu haoni giza kushoto, hapana. Angeona giza angegeuza kichwa kutazama. Kwake yeye, kushoto hakupo." Akaliondoa chungwa moja, akalitia mfukoni. "Wewe unatafuta kitu kilichoko nyuma ya ukuta wakati kwako hapana nyuma ya ukuta? Hutafuti. Na mkono ulioko upande usiokuwepo utakuwa wa nani? Lazima uwe wa mtu mwingine. Mzee ametafuta maelezo, akapata kaka yake. Akili yake inafanya kazi vizuri tu. Inafanya kazi na nusu ya habari."

"Na masikio?"

"Anasikia. Lakini sauti ikitoka mahali pasipokuwepo, ubongo unaihamishia mahali palipopo. Atageuka kulia na kumjibu aliyeko kulia. Akiwepo mtu huko, huyo ndiye msemaji. Asipokuwepo, atajibu ukuta."

"Au rafu," alisema Koplo taratibu, na safari hii hakucheka.

"Kwa hiyo hasemi uongo," alisema Inspekta.

"Anasema kweli tupu. Yote aliyoyaona ameyasema."

"Mahakama haitanielewa."

"Itaelewa ikiona. Hata mimi sijamwona bado, usinishike kwa maneno. Nipe koti langu."

Kwa kuwa Kitinda alihitajika kutia sahihi maelezo yake, Koplo alimpeleka kituoni kwa heshima zote, na daktari akabaki na mzee bila wa kumkonyeza mtu. Alivuta uzi wa kushonea viatu ukutani mbele ya Mzee Soli, akamwomba aonyeshe katikati. Mzee, ambaye maisha yake yote alikuwa amekata ngozi kwa kukadiria kwa jicho na hakuwahi kupunja mtu, alitia kidole karibu na ncha ya kulia. Daktari akamwomba achore kiatu. Kikatoka nusu kiatu, kizuri sana, kila tundu la kamba mahali pake.

"Sasa mzee, fumba macho," alisema daktari. "Upo hapohapo kwenye kigoda chako. Niambie karakana yako ina nini."

"Rafu. Kalenda, ya mwaka uliopita, hawanunui nyingine. Mlango wa jikoni. Ndoano ya mikanda." Akafikiri. "Basi."

"Vizuri. Usifumbue. Sasa toka nje. Upo barabarani, wewe ni mteja, unaingia karakana ya Mzee Soli. Unaona nini?"

Uso wa mzee ulichanua. "Naona cherehani! Ile kubwa ya kushonea ngozi, ya kukanyaga, niliyorithi kwa baba yangu. Nilichonga alama ya soli kwenye mguu wake wa mbele. Na mafungu ya ngozi, meusi na ya rangi ya udongo. Na sanduku la kalibu za mbao za kuundia viatu."

"Na rafu?"

"Rafu gani?"

Inspekta aliganda. Daktari alimvuta kando, akamnong'oneza, "Umeona? Kumbukumbu haijapotea. Ukimgeuza kimawazo, kushoto kunakuwa kulia, na vitu vyake vyote vinarudi."

Lakini Inspekta alikuwa amefuata njia nyingine. Alizunguka hadi upande mtupu wa karakana, akachuchumaa. Sakafu ya saruji ilikuwa na madoa manne ya kutu, yamekaa kama miguu ya meza. Ukuta ulikuwa na weupe mahali ambapo mafungu yalikuwa yameegemea kwa miaka.

"Mzee wangu," alisema akirudi upande wa kulia, "cherehani yako ipo?"

"Itakwenda wapi? Ina uzito wa ng'ombe. Si ipo hapo nilipoiweka."

"Uliiuza?"

Mzee Soli alimtazama kama aliyemtukana. "Mwanangu, mtu huuza mama yake?"

Inspekta alitoka nje, akasimama juani, akapanga mambo yake. Mtu fulani ndani ya nyumba hii alijua kwamba mzee hana upande wa kushoto. Alijua mapema kuliko wote. Alilijua kwa sahani ya chakula. Akaanza kuubeba upande ule kidogo kidogo: ngozi, kalibu, mwishowe cherehani, mbele ya macho mazima ya mwenyewe. Mkamwana hakuwa mtu wa karakana. Aliambiwa biashara imekufa, akaamini. Kisha Dereva akarudi safari, akaingia kumwamkia baba yake, akaukuta ukuta mtupu, na mdogo wake amekaa kwenye stuli. Umeipeleka wapi?

Alimpigia simu Koplo. "Mrudishe kijana nyumbani, umpe na asante. Kisha nenda nyuma ya soko, kwa mafundi viatu. Tafuta cherehani ya kukanyaga yenye alama ya soli kwenye mguu wa mbele."

Koplo, pamoja na kisigino chake kibovu, alifanya kazi haraka. Fundi mmoja wa nyuma ya soko alikuwa nayo, na wala hakuificha. Aliinunua kwa Kitinda, ambaye alimwambia mzee amestaafu. Ila kulikuwa na jambo lililomkera. Siku ile ya msiba, kabla hata hajasikia kuna msiba, Kitinda alimjia akihema, shati limechanika kola, akamwomba aifunike cherehani kwa turubai na akiulizwa aseme ameitoa mbali.

"Na mechi?" Inspekta aliuliza kwenye simu.

"Fundi anasema siku hiyo mvua ya asubuhi ilijaza uwanja maji, Afande. Mechi iliahirishwa. Wapenzi wa mpira wote wanajua. Kijana wetu si mpenzi wa mpira."

"Kisigino hicho kitengenezwe kwa fedha ya serikali," alisema Inspekta. "Njoo."

Jua lilikuwa limeanza kushuka walipokutana tena karakanani. Kitinda alikuwa amerudi mahali pake, kwenye stuli ya kushoto, miguu ameikunja, mtulivu. Alikuwa amekaa hapo kwa miezi mingi. Palikuwa mahali salama kuliko pote duniani, na ukitaka kusema kweli hata Inspekta aliuelewa utulivu wake.

"Mmemaliza, mama?" aliuliza. "Baba amechoka."

Mzee akageukia rafu. "Sijachoka."

"Kitinda," alisema Inspekta, "ulijua kwamba baba yako hana upande wa kushoto?"

"Sielewi, mama. Mimi si daktari."

"Sahani unaigeuza kwa nini?"

Kijana aliikunjua miguu. "Shemeji ndiye anayegeuza."

"Shemeji anasema wewe ndiye uliyemfundisha. Haya, tuyaache ya sahani. Mzee wangu, ruhusa nikigeuze kigoda chako kidogo? Nataka uniambie kitu kuhusu karakana."

"Karakana yako, mwanangu. Geuza."

Koplo alishika upande mmoja, daktari upande mwingine, wakamgeuza mzee pole pole, pamoja na kigoda chake, hadi akautazama ule ukuta wa kushoto uso kwa uso. Rafu na mlango wa jikoni vilibaki mgongoni. Mlango wa barabarani sasa ulikuwa kuliani kwake, na mwanga wa jioni ulimpiga shavuni.

Mzee Soli alitazama. Midomo ilitembea kama ya mtu anayehesabu watoto wake baada ya moto. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaupapasa upepo mahali cherehani ilipokuwa.

"Iko wapi?"

Koplo alimtazama Kitinda.

Macho yalishuka sakafuni. "Na chaki hii ni ya nini?"

Inspekta alichuchumaa karibu naye. Maneno kama yale hayana njia nzuri ya kusemwa, na yeye hakujidanganya kwamba ipo. "Hapo ndipo alipoangukia mwanao mkubwa, baba. Alikuwa hapo muda wote, nawe hukumwona."

 Mzee alipitisha macho juu ya ile chaki, kichwani, mabegani, miguuni, kama anayempima mtu viatu vya mwisho. Maumivu yalimjaa usoni waziwazi na hakujaribu kuyaficha. Kisha akainua macho taratibu, na hapo, hatua mbili mbele yake, palikuwa na stuli, na juu ya stuli palikuwa na mtoto wake wa mwisho.

Kitinda alikuwa ameduwaa. Miezi yote ile alikuwa amezoea macho ya baba yake kumpita. Sasa yalikuwa yamemkalia, na hakujua pa kuuweka uso.

"Kumbe upo," alisema Mzee Soli.

"Nipo, baba."

"Na siku ile ulikuwa umekaa hapohapo."

Halikuwa swali. Koplo alisogea mlangoni. Kitinda alimtazama Inspekta, akamtazama daktari, lakini macho yake yalirudi kwa baba yake, na hapo ndipo yalipomshinda.

"Baba, sikukusudia," alisema, sauti ileile ya chini, ya kunong'ona. "Alinikaba shati. Alisema atakuambia. Aligeuka kuja kwako, na nyundo ilikuwa hapa..."

"Ndiyo sauti," alisema mzee. "Ndiyo hiyo niliyoisikia."

Koplo alimfunga pingu bila kelele. Kitinda alitolewa kwa mlango wa barabarani, na baba yake alimsindikiza kwa macho hatua zote, mpaka akapotea. Hakumlaani. Hakumwita. Alimtazama tu, maana sasa aliweza.

Inspekta aliongea na Mkuu kwa simu, nje, kwa maneno machache na bila kwanini hata moja. Daktari alikaa na mzee, akamwambia atamtibu, kwamba watu hufundishwa kugeuza shingo, kwamba kushoto kunaweza kurudi kidogo kidogo kwa anayekutafuta. Mzee aliitikia kwa kichwa, lakini hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama mlango.

Mkamwana aliletwa na gari la polisi giza halijaingia. Alishuka, akasita kizingitini, kitenge amekikunja mkononi. Mzee aliyekaa mle ndani ndiye aliyeshuhudia mbele ya serikali kwamba yeye ni muuaji wa mumewe. Alimwona amekaa amegeuzwa, mgongo kwenye rafu, uso wake mzima barabarani na ukutani, na akaona kwamba macho yale yamemwona tangu aliposhuka garini.

Aliingia, akapiga goti kuliani kwake, mahali ambapo siku zote alipigia goti bila kujua kwa nini.

"Shikamoo, baba."

Mzee Soli alilia kwa sauti, kama mtoto.

"Marahaba, mwanangu," alisema mwishowe, akaushika mkono wake kwa mkono wa kulia, ule aliojua kuwa ni wake. "Kaa upande huu. Usiende mahali nisipokuona."